Mzee Ouma Anarudishwa Kwao

Wembe ulikuwa umefika chini ya kidevu wakati lori la kanjo, baraza la mji, lilipopiga honi nje. Nasipwondi hakugeuka. Alivuta ngozi ya shingo ya Mzee Ouma kwa vidole viwili, akamalizia upande wa kushoto, akaufuta wembe kwenye kipande cha leso kuukuu.

"Waambie wangoje," Mzee Ouma alisema. "Mtu haendi kwake na ndevu nusu."

"Wanangoja, baba. Tulia nisikukate."

Povu lilikuwa la sabuni ya kufulia, kipande cha mwisho cha mche uliotakiwa kuwatosha wazee saba mpaka mwisho wa mwezi. Sasa hakukuwa na saba. Vitanda sita vilikuwa vimetolewa nje tangu Jumatatu na kuegemezwa ukutani, na ndani ya chumba kikubwa kilibaki kimoja tu, na alama nyeupe za miguu ya vile vingine kwenye sakafu ya saruji. Wenzake walikuwa wamepelekwa makwao mmoja mmoja, kila dizeli ilipopatikana. Mama Dorca ndiye aliyetangulia. Alipokewa Port Victoria na mpwa wake, ambaye aliuliza mara mbili kama hakuna mpwa mwingine. Mzee Ouma alikuwa wa mwisho kwa sababu Usenge ni mbali.

Nasipwondi alikuwa amewaogesha wazee wa nyumba ile ya baraza kwa miaka kumi na moja. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Ya walio hai hawakuitaja, lakini anayeijua ni yule yule. Alijua nani ana kidonda mgongoni na nani huita mama yake usingizini, na alijua jambo moja la Mzee Ouma ambalo halikuwa kwenye faili lolote la baraza. Mzee Ouma hakuwa na kwao. Alimwambia mwenyewe mwaka juzi, malaria ilipompanda kichwani. Aliondoka Usenge kijana mdogo, akawa mchochea makaa kwenye meli za ziwani, leo Mwanza, kesho Bukoba, kesho kutwa Port Bell, na miguu ilipochoka akawa mlinzi wa ukumbi wa baraza hapa mjini Nyandago. Hakuoa. Hakujenga. Hakurudi. Homa iliposhuka alimshika Nasipwondi mkono, akamwapisha asimwambie mtu. Kwa Mjaluo wa umri wake, mwanamume asiye na dala, boma lake mwenyewe, asiye hata na kibanda ndani ya boma la baba yake, hatajwi mbele za watu. Afadhali wakuite mwizi, maana mwizi naye ana kwao.

Sasa utauliza, mtu kama huyo anarudishwaje kwao? Ngoja nikueleze, ingawa kila nikilieleza hasira hunirudia upya.

Baraza la Mji wa Nyandago lilikuwa na idara moja ya Huduma za Jamii, Michezo na Burudani. Wazee, ukumbi, uwanja wa mpira na vyoo vya soko vilikaa chini ya afisa mmoja, Bwana Simiyu, na kamati moja ya madiwani. Mwaka huo wa 1995, kila ofisi nchini ikiwa imeambiwa ipunguze hiki na ikate kile, kamati ilitangaza kwamba itakuja kukagua Nyumba ya Wazee. Nasipwondi alifurahi, maskini wa Mungu. Paa lilikuwa linavuja. Magodoro yalikuwa yameliwa na panya. Alidhani wakubwa wanakuja ili waone. Basi akafanya kile ambacho mwanamke yeyote aliyelelewa vizuri hufanya akisikia kuna wageni. Alipiga deki, akaficha ndoo za kukingia mvua, akawavalisha wazee nguo za kanisani na kuwaketisha kwa safu. Simiyu mwenyewe alileta shuka mpya kutoka nyumba ya wageni ya baraza, zikatandikwa saa tatu asubuhi na kutandikuliwa saa saba mchana. Kisha Nasipwondi akawaonya wazee wake: "Mkiulizwa, mjibu vizuri. Msiniaibishe."

Madiwani walikaa mbele, wazee wakakaa mbele yao, wanaume kwa wanawake, kila mmoja akisikia la mwenzake. Karani akasoma swali kwenye fomu. Je, una boma na watu wa kukupokea nyumbani? Lilisomwa hivyo hivyo, mbele ya watu. Hata mtoto wa darasa la pili pale ziwani angejua jibu gani litatoka. Mama Dorca alitaja nyumba ya mabati. Mzee mmoja alihesabu ng'ombe waliokufa kabla ya Uhuru. Mzee Ouma zamu yake ilipofika alisimama wima, akasema ana boma lenye ua wa minyaa na lango linalotazama ziwa, na wana watatu, wavuvi wote. Wenzake wakampigia makofi. Akaweka dole gumba kwenye fomu.

Kumbe lile swali ndilo lililokuwa ukaguzi wenyewe. Masista wa Kisumu walikuwa wametoa nafasi tatu katika nyumba yao kwa wazee wasio na pa kwenda. Baraza likawaandikia barua ya shukrani na kuzirudisha nafasi zote tatu, kwa kuwa wazee wote saba, kwa vinywa vyao wenyewe, wana makwao. Nyumba ikaamuliwa iwe klabu ya madiwani na wafanyakazi. Paa ambalo halikuwezekana kutengenezwa kwa ajili ya wazee lilitengenezwa kwa siku mbili chini ya kifungu cha burudani.

Simiyu aliingia na faili kwapani, akakwepa beseni la maji ya kunyolea.

"Dada, bado tu? Fundi wa umeme anangojea hiki chumba."

"Namaliza."

Simiyu alimvuta kando, karibu na dirisha. Wote wawili walikuwa watu wa Bungoma, na Simiyu alipotaka jambo alipenda kulikumbuka hilo. "Sikiliza. Wewe ni mtu wa kwetu, kwa hivyo nakuambia wazi. Wanapunguza watu. Fomu sita nimeshapata. Ukiniletea hii ya saba ikiwa na sahihi ya mtu aliyempokea, jina lako naliweka upande wa klabu, jikoni. Ukikosa, mimi sina la kufanya."

"Bwana Simiyu, huyu mzee hana mtu."

"Nani amesema?"

"Mimi nasema."

"Wewe si yeye." Akafungua faili. "Boma, ua wa minyaa, wana watatu. Dole gumba lake hili hapa. Sasa unataka niandike kwamba mzee wa watu ni mwongo?"

Nasipwondi alimgeukia Mzee Ouma. Alijua anavunja kiapo. "Baba, mwambie. Neno moja tu. Ukisema leo, labda bado anaweza kuwaandikia masista."

Mzee Ouma alikuwa anafunga vifungo vya koti lake la zamani la meli, kimoja kimoja, kwa vidole visivyokunjika vizuri. Alimaliza cha mwisho ndipo akainua macho, na hakumtazama Nasipwondi. Alimtazama Simiyu.

"Huyu mama ni mtu wa mbali," alisema. "Kwetu hakujui. Twende."

Lori lilikuwa lile la takataka, limemwagiwa maji tu. Wanyonyi, dereva, alimsaidia mzee kupanda mbele, akamweka katikati, akatupa kifurushi chake na kigoda chake nyuma.

"Gari ya kanjo haichagui," Wanyonyi alisema akitia gia. "Jana imebeba takataka, leo inabeba mzae, kesho bia. Hii kazi ni noma, lakini tutafanyaje. Dizeli ni ya kwenda na kurudi tu, mama, kwa hivyo huko tusikawie."

Walipotoka mjini Mzee Ouma alianza kuzungumza. Nasipwondi hakuwa amemsikia akizungumza hivyo kwa miezi. Alieleza nyumba ya baba yake, fundi wa mitumbwi, na mahali mbao zilipokaushwa. Baadaye akaeleza nyumba yake mwenyewe, ambayo haikuwahi kuwapo. Mlango wake ulitazama ziwa. Kulikuwa na ghala la mtama. Kila kilomita aliongeza kitu, mara zizi, mara tangi la maji ya mvua, na walipoipita Bondo boma lilikuwa limeshakuwa kubwa kuliko la chifu. Wanyonyi aliitikia eeh, eeh, huku akimtazama Nasipwondi kwa pembe ya jicho. Nasipwondi aligeuzia uso dirishani. Alikuwa anafikiria watoto wake wawili walio sekondari, na chumba cha kupanga, na jiko la klabu. Nisimpake rangi ya utakatifu, alikuwa pia anaomba kimoyomoyo kwamba labda homa ndiyo iliyodanganya, na boma lipo.

Usenge walilakiwa na harufu ya omena, dagaa wa ziwani, walioanikwa kwenye nyavu kuukuu kando ya barabara. Ziwa lenyewe halikuonekana kama ziwa. Magugu maji yalikuwa yamelifunika mpaka mbali, kijani kitupu, na wanawake wanunuzi walikaa juu ya makarai yao yaliyopinduliwa, wakingoja mashua ambazo hazikuweza kutoka.

"Kata kushoto pale kanisani," Mzee Ouma alisema.

Hapakuwa na kanisa. Palikuwa na kinu cha kusaga unga.

"Lilikuwa hapa. Haya, enda mbele. Utaona jiwe kubwa. Jiwe haliwezi kuhama."

Jiwe lilikuwapo. Na nyuma ya jiwe, kweli kabisa, palikuwa na ua wa minyaa, mnene na wa siku nyingi, wenye lango linalotazama ziwa. Mzee Ouma aliuona, akaliweka sawa koti lake. Nasipwondi akasema kimya kimya, asante Mungu. Wanyonyi akazima gari.

Ndani ya boma mama mmoja mwenye mvi alikuwa anatandaza mihogo juu ya gunia. Alikuja mpaka langoni akijifuta mikono kwenye leso. Alisema anaitwa Adero, akawakaribisha kwa Kijaluo, akauliza wanamtafuta nani. Miaka kumi na moja ya kuogesha wazee wa ziwani ilikuwa imemfundisha Nasipwondi lugha hiyo vya kutosha, na hakupitwa na neno.

"Natafuta boma la fundi wa mitumbwi," Mzee Ouma alisema.

"Umelifikia. Lakini yeye alikufa zamani sana. Mume wangu ni mtoto wa ndugu yake. Na wewe ni nani, mzee?"

"Mimi ni mwanawe. Ouma."

Adero alimtazama koti, akamtazama uso. "Ouma yupi?"

"Ouma wa meli."

Mama yule alirudi nyuma hatua moja, halafu nyingine, mpaka akawa ndani kabisa ya lango.

"Ouma wa meli tulimzika," alisema.

Alieleza polepole, kama mtu anayeogopa kukosea. Ilikuwa mwaka wa sabini na mbili. Habari zilifika kwamba mchochea makaa mmoja, mtu wa Usenge, ameanguka majini upande wa Bukoba na hakuonekana tena. Usenge ilimjua mchochea makaa mmoja tu, Ouma, na watu waliungoja mwili wake siku nne ufukweni. Ulipokataa kuja, wazee walikwenda porini wakaleta yago. Yago ni tunda refu la mti, zito kama mtoto mchanga, na Wajaluo hulizika badala ya mtu ambaye maji yamekataa kumrudisha, ili roho yake itulie na isiwasumbue walio hai. Walilivika shuka, wakalichimbia kaburi, wakanyoa nywele.

"Mimi nilikuwa nimeolewa mwezi huo tu," Adero alisema. "Sikuwahi kukuona. Lakini nililia mpaka sauti ikakauka, kwa sababu walisema hukuacha mtu wa kukulilia."

Alionyesha kwa kidevu. Pembeni kabisa, kando ya ua, mahali anapozikwa mwanamume asiye na mke, ardhi ilikuwa imeinuka kidogo, na majani ya viazi vitamu yalikuwa yametambaa juu yake.

Mzee Ouma alipatazama. Nasipwondi alitaka kumshika mkono akaogopa.

"Mlichinja?" mzee aliuliza.

"Ng'ombe mmoja. Watu walikula wakashiba."

"Ero kamano," alisema. Asante.

Adero alikuwa ameanza kulia. "Mtu aliyezikwa hawezi kupita langoni, mzee wangu. Si roho mbaya. Nina wajukuu humu ndani." Alikimbia nyumbani, akarudi na kikombe cha maji, akakiweka chini katikati ya lango. Mzee Ouma aliinama kwa shida, akakiokota, akanywa yote, akakirudisha palepale.

Wanyonyi alishuka na fomu mkononi. Hakuwa ameelewa hata neno moja. "Mama, weka tu sahihi hapa, mahali pameandikwa aliyempokea. Sisi twende."

"Siwezi kumpokea mtu niliyemlilia," Adero alimjibu kwa Kiswahili.

Nasipwondi alimweleza Wanyonyi. Dereva alikuna kichwa, akamvuta nyuma ya lori, akasema kwa sauti ya chini, na tusimlaumu, maana naye alikuwa na watoto wanne. "Sikia, mama. Andika jina lolote. Andika mmoja wa wale wana watatu. Nani atatoka kanjo aje huku kuangalia? Tumwache pale ufukweni, watu wa Usenge ni wazuri, hatakosa omena. Ukirudi na hiyo karatasi tupu umekwisha."

Kalamu ilikuwa mkononi mwake. Aliifikiria. Asikudanganye mtu kwamba hakuifikiria. Aliifikiria mpaka akaliona jina lenyewe litakavyokaa kwenye mstari, na jiko la klabu, na mwanawe wa kwanza akimaliza kidato cha nne. Halafu akamwona Mzee Ouma amesimama barabarani, uso umenyolewa safi, amelipa kisogo boma alilozikwa, na akamwonea uchungu. Yeye ndiye aliyewaambia wazee wajibu vizuri. Akaikunja fomu ikiwa tupu na kuitia kifuani.

"Twende sote," alisema.

Njia ya kurudi mzee hakuongeza zizi wala ghala. Alikaa katikati yao ameshika magoti. Karibu na Bondo ndipo alipofungua kinywa.

"Siku ile wakubwa walipokuja, ulituambia tujibu vizuri."

"Ndiyo, baba. Nisamehe."

"Nilijibu vizuri?"

"Uliwashinda wote."

"Basi leo nitajibu vibaya," alisema.

Walifika saa kumi na mbili, jua likielekea kuzama. Nyumba ya Wazee ilikuwa haitambuliki. Mlango ulikuwa umepakwa rangi ya kijani, taa za rangi zimetundikwa barazani, na kitanda cha mwisho kilikuwa kimeungana na vingine nje. Kupitia dirishani ulionekana ubao wa vishale ukutani, pale palipokuwa na kitanda cha Mama Dorca, na kreti za bia zimepangwa hadi darini. Ilikuwa siku ya kufungua klabu. Madiwani na wakubwa wa idara walisimama uani kwa suti, wakingoja kuitwa ndani, na katikati yao alikuwa mwenyekiti wa kamati, Mheshimiwa Walter, mtu mnene, mpole, mzaliwa wa papo hapo ziwani.

Simiyu aliliona lori, akamwona aliyekaa katikati, uso ukamshuka. Alikuja mbio mbio huku akijitahidi asionekane anakimbia.

"Umemrudisha? Dada, umemrudisha?"

Nasipwondi alimpa ile fomu. Simiyu aliifunua, akaona mstari mtupu.

"Hapa hakuna sahihi."

"Hakuna mtu."

"Fomu ina mahali pa aliyempokea. Haina mahali pa asiyepokelewa. Sasa hii nitaifanya nini?"

Wakati wakibishana Mzee Ouma alikuwa ameshashuka mwenyewe. Alitembea mpaka mbele ya wale wakubwa, akavua kofia. Alizungumza kwa Kiswahili ili wasikie wote, Wajaluo, Waluhya na yule mwenye duka wa Kihindi aliyeleta soda.

"Mimi ni Ouma. Siku ile mliniuliza, nikawaambia nina boma. Sina. Niliwaambia nina wana watatu. Sina hata mmoja. Sikuoa na sikujenga. Kwetu nina kaburi, na ndani ya kaburi wamezika yago. Andikeni hivyo."

Wale wasiojua yago ni nini walinyamaza kwa sababu wenzao wamenyamaza. Mheshimiwa Walter alikuwa anajua. Alitazama chupa aliyoishika, na shingo yake ikatoka jasho. Alijua mzee huyu ametoa nini mbele ya watu, na kwamba hakitarudi.

"Mzee wangu," alisema kwa upole, "ungesema siku ile."

"Uliniuliza mbele ya watu."

"Ndio utaratibu."

"Na leo nimesema mbele ya watu."

Walter alimgeukia Simiyu. "Tunaweza kufanya nini?"

Simiyu alikuwa na jibu tayari, maana watu kama yeye hawakosi. "Mheshimiwa, azimio la kamati linabadilishwa na kamati. Kikao kijacho ni Septemba. Na zile nafasi za Kisumu tulizirudisha, nimesikia zimeshajaa."

Ilikuwa Juni, tarehe kumi na nne.

"Basi tutalijadili Septemba," Walter alisema. Alisema kwa huzuni ya kweli, na huzuni hiyo haikumsaidia mtu yeyote. "Lazima lijadiliwe. Bwana Simiyu, liandike."

"Na mpaka Septemba alale wapi?" Nasipwondi aliuliza.

Simiyu alimsogelea, akamwambia kwa Kibukusu kwamba ameharibu kazi yake kwa mikono yake mwenyewe. Nasipwondi alimjibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya hasira.

"Mimi nimewaogesha miaka kumi na moja. Ninyi mlikuja mara moja, mkakaa kwenye viti, mkauliza swali moja. Mngeniuliza mimi ningewaambia. Hakuna aliyeniuliza."

"Wewe ni mfanyakazi wa mkono."

"Ndiyo. Mikono hii ndiyo inajua."

Ndani mtu alipiga kengele ndogo kuwaita wageni waingie, karani wa mji ameshaingia na hotuba yake. Wakubwa walianza kujisogeza, wakifurahi kupata sababu ya kuondoka pale. Lakini Mzee Ouma alikuwa amewatangulia. Alikwenda mpaka kwenye ule mlango wa kijani alioupita kwa miaka mingi, akajishusha taratibu akishika mwimo, akaketi kwenye kizingiti. Mgongo aliuegemeza upande mmoja, na miguu akainyoosha mpaka upande wa pili.

"Septemba si mbali," alisema. "Nitangoja."

Nasipwondi alikwenda kwenye vitanda vilivyoegemezwa ukutani, akavuta blanketi moja, akamfunika mabega. Halafu akasimama kando yake. Hakuwa na kazi ya kesho, na alijua atamchukua kwake, chumba kimoja, na kwamba mwenye nyumba atapiga kelele. Lakini hakumwambia ainuke.

Wageni walisimama. Pale ziwani, na hata kule Bungoma, mtu harukwi miguu, sembuse mzee. Mtoto akifanya hivyo huchapwa na kuambiwa arudi alikotoka. Kila mmoja alimtazama mwenzake. Simiyu alianza kusema neno kuhusu askari wa kanjo, Walter akamzuia kwa mkono, akasonga mbele peke yake na kuinama kidogo.

"Mzee, tafadhali, kunja miguu tupite."

"Pita tu, Mheshimiwa," Mzee Ouma alisema. "Mimi nilishazikwa."

Kengele ililia tena ndani. Mheshimiwa Walter aliangalia nyuma, akawaona wenzake wanamngoja. Kisha akashika suruali yake magotini, akainua mguu wa kwanza, akainua wa pili, akaingia. Wengine wakamfuata mmoja mmoja.